Kona ya Shuka

Mlango unafunguka kwa kadi, si kwa ufunguo,
na Orysia anauliza kama tumekosea chumba.
Kuna sebule. Kuna piano, na hakuna kati yetu ajuaye kuipiga.
Kuna vyoo viwili, kwa watu wawili
waliolea watoto wanne kwa choo kimoja kule Moose Jaw,
foleni ya asubuhi ikifika jikoni.

Bafu liko dirishani.
Ukijilaza majini unaiona Alaska ikipita,
misonobari, ukungu, misonobari tena,
na Alaska, nadhani, inakuona wewe.
Orysia ameshusha pazia.

Miaka ishirini na sita alitandika vitanda vya watu
katika moteli ya barabara kuu, vyumba kumi na vinne kwa zamu:
madereva wa malori, wauza mbolea,
maharusi waliokosa nauli ya kwenda mbali.
Aliwajua kwa mashuka tu,
nani alilia, nani hakupata usingizi,
nani alilala upande mmoja
akauacha wa pili haujaguswa.
Magoti yalipomshinda niliuza trekta na ekari za mwisho
nikamwambia, safari hii utandikiwe wewe.
Utandikiwe hata uchoke.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu hakungoja apewe jembe.
Nilipoamka upande wake ulikuwa umeshatandikwa,
mimi nikiwa bado nimelala upande wangu,
shuka limekazwa kama ngozi ya ngoma,
kona imekunjwa kama bahasha ya serikali.
Rodelio akagonga saa tatu, glavu nyeupe,
akasimama mlangoni kama mwalimu
aliyekuta darasa limeshajifundisha.

Ya nne, vivyo hivyo.
Ya tano akaniita pembeni, karibu na piano,
akaishusha sauti hadi ikalingana na zulia:
“Bwana, mama ana lalamiko nami?
Mwisho wa safari kuna fomu. Wanahesabu nyota.
Nina binti Iloilo, mwaka wa pili wa uuguzi.”

Mazoea yana taabu, nikamwambia,
na mimi taabu hiyo nimeioa.

Orysia alisikia. Alikuwa bafuni
akisugua bomba lisilo na doa.
Akatoka mikono imelowa, akamvuta hadi kitandani.
“Nionyeshe unavyokunja kona.”
Akamwonyesha.
“La. Hiyo itafunguka mgeni akigeuka mara mbili.”
Wakatandua. Wakatandika. Wakatandua tena,
mmoja na magoti yake yanayolia kama bawaba,
mwingine glavu amezitia mfukoni,
wakizungumza lugha ambayo mimi,
niliyeilalia kazi yake miaka arobaini na minne,
sijui hata neno.
Naye akamfundisha kukunja taulo likawa kasa.
Kasa wa Orysia alitoka na miguu mitatu.
Akamweka juu ya piano, atazame nje.

Ndipo ukuta wa barafu ulipomeguka.
Roshani zote zilipiga kelele, simu juu.
Sisi tulisikia ngurumo, tukageuka,
mambo yamekwisha,
maji yanachemka bila moto.

Asubuhi ya mwisho, Vancouver ikichomoza ukunguni,
nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda
na pindo la shuka mkononi. Vidole vinataka.
“Mwachie,” nikasema.
“Namwachia. Wewe unadhani ni rahisi?”
Mito sakafuni, blanketi limejiviringa,
mabonde mawili ya miili yetu yamekaribiana
kuliko nilivyodhani tunalala.
Atakachosoma Rodelio humo, na asome.

Kwenye fomu alijaza nyota zote tano,
na penye maoni akaandika, kwa herufi kubwa,
KONA ZAKE HAZIFUNGUKI.

Ndani ya lifti alitazama namba zikishuka,
tisa, nane, saba.
“Nimeikunja moja tu,” akasema.
“Moja. Ya upande wako.”